Pikipiki ya Kupaka

Sponji ya pikipiki haifuliwi kama soksi. Unaminya, husokoti. Ukisokota, gundi ya kwenye maungio inaachia, na ikiachia kidogo tu vumbi linapata njia ya kuingia kwenye injini. Siku hizi hayo nayajua, hata ukiniamsha usingizini nitakwambia. Wakati ule nilikuwa sijui. Wa kunifundisha alikuwepo, kasimama pale pale uani, anakula mhogo wa kuchoma.

Nianze na mguu, maana bila mguu huu nisingefika kwenye beseni la mtu. Mguu wangu wa kulia una chuma ndani. Mume wangu alikuwa bodaboda. Jioni moja ananirudisha nyumbani Manzese, lori la mchanga likatupitia kwa nyuma. Yeye hakufika hospitali. Mie nilifika. Kwa hiyo katika walionikosea, wa kwanza ninayemtaja ni dereva wa lori la mchanga, ambaye hakusimama. Jina lake silijui, na yeye langu halijui, tuko sawa kwa hilo tu. Wa pili ni shemeji yangu, aliyekuja kuchukua pikipiki iliyopinda akasema anaihifadhi, akainyoosha, akaiuza hata arobaini haijafika. Wa tatu ni wale wote waliokuja kunipa pole wakaniambia nina bahati. Ningependa nao wapate bahati ya namna hiyo, halafu waje tuzungumze.

Tangu siku hiyo sauti ya pikipiki ikipita nyuma yangu nasimama. Sipandi. Naweza kutembea kutoka Manzese mpaka Magomeni na mguu huu, lakini kupanda sipandi. Na bado riziki yangu ikaja kutoka kwenye pikipiki. Mungu ana utani wake.

Zamani nilikuwaga nauza chapati. Chapati ni kazi ya kusimama, na mie kusimama siwezi tena, nikisimama saa moja mguu unavimba mpaka kiatu kinagoma. Nikatafuta kazi ya kukaa. Utashangaa mjini hapa kazi za kukaa ni za nani: ni za waliosoma. Asiyesoma anasimama, anabeba, anainama. Nilihangaika mpaka jirani yangu mmoja akanipeleka Mbezi Beach kwenye nyumba waliyotaka mama wa kufua nguo kwa mkono. Mashine walikuwa nayo, kubwa, inaimba ikimaliza. Ila mama mwenye nyumba alikuwa hataki matope ya Kimbiji ndani ya mashine yake.

Matope ya Kimbiji yalikuwa ya mumewe. Huyo bosi wangu ni mtu wa ofisini, wa kutoka bara, mpole, mnene kidogo. Jumapili yeye na wenzake wanapakia pikipiki kwenye pikapu, zile ndefu zenye matairi ya meno, wanavuka Kigamboni, wanakwenda kuzikimbiza kwenye mchanga na madimbwi ya huko. Wanarudi jioni wamekuwa kama wamechimbuliwa. Watu wa kwetu wanaendesha pikipiki watoto wapate kula, hawa wanaendesha ili wachafuke. Sikuwaelewa, wala sikuwa na sababu ya kuwaelewa. Nilipewa kigoda kifupi chini ya kivuli cha paa la stoo, mabeseni mawili, bomba karibu. Nikikaa pale mguu naunyoosha mbele, nafua. Ilikuwa kazi nzuri. Nasema hivi ili ijulikane nilichokuwa naogopa kukipoteza: kile kigoda. Kwa mguu huu, sikijui kingine.

Sasa kulikuwa na fundi wao. Kijana wa miaka thelathini hivi, ana mke na mtoto, anakuja Ijumaa kuzitengeneza pikipiki, Jumapili anafuatana nao Kimbiji. Adabu anayo ya mdomoni, shikamoo haimpiti. Ijumaa moja, kipupwe kimeshaingia, akaja na ndoo akaiweka mbele yangu. Ndani kuna sponji tatu nyeusi, zinanuka oili na vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nini hizi?"

"Eakilina. Pua za pikipiki. Hewa inapitia hapa, vumbi linabaki. Nifulie na hizi, mama, leo nina kazi nyingi. Zikikauka zipake mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya pale shelfuni. Chupa imeandikwa."

Nikamwangalia. Akatazama dirishani alipokuwa bosi, akamega mhogo wake.

"Ipi, fundi?"

"Aah, mama nawe! Mafuta si mafuta?" Akacheka, akaenda kwenye pikapu kulala chini ya injini.

Kwenye Kiswahili chetu hiki, nani asiyejua kwamba mafuta si mafuta? Ya kula ni mafuta. Ya taa ni mafuta. Ukienda sheli unaweka mafuta. Ukioga unapaka mafuta. Mtu akinenepa tunasema ana mafuta. Hapo mtu mmoja anakwambia paka mafuta, unamuuliza gani, anacheka.

Nilizifua. Nilizifua kwa sabuni ya unga, maji matatu, nikazisokota kama soksi, nikazianika juani kwenye kamba na vibanio. Yote makosa, lakini hayo madogo. Zilipokauka nikaenda shelfuni. Kulikuwa na chupa kama tano, ndefu na fupi, za rangi rangi, zote zimejaa maandishi. Mie nimefika darasa la nne. Kiswahili nasoma, polepole, kidole kinatangulia. Ile lugha ya kwenye chupa ilinitazama, nami nikaitazama. Nikatikisa moja, nikanusa, ikanichoma pua. Nikafikiri: hii inaweza kuwa ya breki, inaweza kuwa ya kuua wadudu, nikiipaka ikaharibu nitasema nini? Kurudi kwa fundi nikamwambie nisomee, sikuweza. Miguu ilikataa, wote wawili, si ule wenye chuma peke yake.

Kwenye mkoba wangu nilikuwa na chupa yangu ya mafuta ya nazi. Nayatengeneza mwenyewe, nakuna, nachuja tui, nachemsha mpaka yanajitenga. Napaka kwenye kovu la mguu. Nikasema haya nayajua. Mafuta ya nazi hayajawahi kumdhuru mtu. Kitu kimetoka kuoga, kimekauka, kinapakwa mafuta: hivyo ndivyo nilivyolea binti yangu. Nikakaa kwenye kigoda nikazipaka zile sponji moja moja, ndani na nje, kwenye kila mkunjo, nikiminya ili yaingie, mpaka chupa ikaisha. Ziling'aa. Nikaziweka kwenye ndoo safi na kitambaa juu. Naona aibu zaidi nikikumbuka kwamba niliziangalia nikafurahi.

Fundi alizichukua jioni akazifunga. Harufu ile ya nazi aliisikia, hawezi kuniambia hakuisikia. Mtu aliyezaliwa pwani hii asikie nazi kwenye pikipiki asiulize?

Kila mwanamke wa Dar anajua kipupwe kinafanya nini kwenye chupa ya mafuta ya nazi. Unaamka asubuhi unakuta yameganda, meupe, unachokoa kwa kijiti. Nilijua hilo maisha yangu yote. Sikulifikiria hata kidogo. Jumapili alfajiri pikipiki zimelala kwenye pikapu wazi, upepo wa baharini unazipiga, wakafika Kimbiji kungali baridi. Wakaziwasha. Ya bosi ikaenda mbele kidogo, ikakohoa, ikazima. Wakaiwasha tena, ikakohoa, ikazima. Ilikuwa haipumui. Wakafungua pua yake wakakuta imejaa utando mweupe kama nta.

Hayo sikuyaona mwenyewe. Niliyaona kwenye simu, na kabla wao hawajarudi kutoka Kimbiji.

Binti yangu anasuka nywele kwenye saluni ya pale pale mtaani kwetu. Jumapili hiyo nimekaa mlangoni nachambua mchele, nikamwona anakuja na mteja wake hajammaliza, nusu kichwa kimesukwa nusu kimesimama, yule dada kasimama kwenye mlango wa saluni anamsubiri.

"Mama, hawa si watu wako wa Mbezi?"

Akaniwekea simu usoni. Mkono wa mtu umeshika sponji. Sauti nyingi.

"Nusa! Hebu nusa hii!"

"Mh! Nazi!"

"Nani kapikia humu?"

"Jamani, samaki wa kupaka nimekula, kuku wa kupaka nimekula, pikipiki ya kupaka ndo naiona leo!"

"Leteni wali basi!"

Wanacheka mpaka simu inatikisika. Halafu bosi anauliza, lakini kwa kucheka, "Nani kafanya hivi?" Na sauti ya fundi, naijua, ndiyo ile ile ya shikamoo: "Mama wa kufua huyo. Mie simo."

Mie simo. Maneno mawili.

Binti yangu akasema, "Ni wewe?"

"Wamama wa kufua wako wengi mjini."

"Wanaofua pikipiki?"

Nikaendelea kuchambua mchele. Akasimama pale. Halafu akaanza kuwatukana, wote, mmoja mmoja, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, mpaka yule dada wa nusu kichwa akaja kumvuta mkono. Nilimwona anafuta machozi kwa mgongo wa mkono wenye mafuta ya nywele. Alikuwa upande wangu siku hiyo. Nalisema hilo kwa sababu ya yaliyokuja mbele.

Kesho yake nikajiuliza kama niende. Mtu mwenye miguu miwili angesema bora nikae nyumbani. Nilikwenda. Mlinzi wa getini akaniambia karibu mama wa kupaka, nikapita kama sikusikia. Bosi alikuwa hajaenda kazini. Alisimama uani na kikombe cha chai, fundi naye kaitwa, kachuchumaa kwenye tairi.

"Mama, hebu kaa," bosi akasema. Hakuwa na hasira, kweli. "Nataka kujua tu. Fundi anasema alikuelekeza chupa. Ile pale. Mbona imeandikwa?"

Imeandikwa.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo mdomoni: nilimuuliza ipi, akanicheka. Lakini bosi angesema, sasa si ungesoma? Na hapo ningesema nini, mbele ya mkewe aliyekuwa dirishani, mbele ya yule kijana? Bora niwe mjinga wa nazi kuliko mjinga wa kusoma. Ndivyo nilivyopima, kwa haraka, na nilipima vibaya.

"Nilijisahau, baba. Fundi hana kosa. Ni mie mwenyewe."

Fundi hakunyanyua uso. Alifunga nati moja ile ile, akaifungua, akaifunga.

Bosi akacheka, akasema basi mama, hakuna kilichoharibika, injini haijafa, tuendelee. Na kigoda changu kikabaki changu. Nikafikiri yameisha.

Wiki hiyo fundi akanifundisha. Alinifundisha kwa upole ambao sikuuomba. Kwanza unaloweka kwenye mafuta ya taa, oili kuukuu inalegea. Halafu maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Unaminya, husokoti. Unaikausha kivulini, juani inakakamaa. Halafu unavaa glovu, unamimina yale ya bluu yanayonata kama asali, unaminya minya mpaka rangi inakuwa moja sponji nzima. Ukiona sehemu imepauka, vumbi litapita hapo. Mwisho unapaka grisi kwenye ukingo inapokalia. Nilijifunza kwa siku moja. Si kazi ngumu. Ingechukua muda mfupi kuliko kula mhogo.

Yeye anazungumza, mie naitikia "ndiyo fundi," "haya fundi." Tulikuwa watu wawili wenye heshima sana.

Kilichokuja baadaye ndicho ninachokionea aibu. Jumamosi moja walikuja rafiki zake bosi kuangalia pikipiki kabla ya safari. Mmoja wao, mwenye kofia na simu kubwa, ndiye aliyerekodi ile ya kwanza, nilimtambua kwa sauti. Namtaja: yule wa kofia. Aliniona kwenye kigoda na glovu zangu.

"Ndiyo huyu? Ndiyo mama mwenyewe?" Akafurahi kama ameona ndugu. "Shikamoo mama! Wewe ni staa, unajua? Watu wamecheka nchi nzima."

"Marahaba."

"Sasa mama, tusaidie kidogo. Tufanye ya pili. Wewe ushike chupa ya mafuta ya nazi, useme tu, 'Karibuni pikipiki ya kupaka.' Basi. Sekunde tu."

Nikamtazama bosi. Alikuwa anatabasamu, akapandisha mabega, kama mtu anayesema ni juu yako mama. Haikuwa juu yangu. Mwenye nyumba akitabasamu hivyo, jibu limeshatoka. Mama mwenye nyumba mwenyewe akaleta chupa kutoka jikoni kwake, ya dukani, yenye picha ya mnazi.

Nikaishika.

Na si kwamba niliishika kwa kununa. Ningenuna ningekuwa na la kujitetea. Nilivua glovu, nikaweka kanga vizuri kichwani, nikanyanyua ile chupa karibu na shavu kama wasichana wa matangazo, nikasema, "Karibuni pikipiki ya kupaka!" Nikaongeza na langu, hakuna aliyeniambia: "Na wali upo!" Walicheka wakashikana mabega. Yule wa kofia akaniambia mama una kipaji. Na kwa muda kidogo, Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Fundi peke yake hakucheka. Aliingia stoo.

Binti yangu aliiona siku hiyo hiyo. Safari hii hakuja mbio. Alirudi saa yake, akavua viatu, akapakua ugali wake, akala. Mie namsubiri atukane. Hakutukana mtu.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Nimeona. Na saluni nzima imeona."

"Walinilazimisha."

"Na wali upo, nalo walikulazimisha?"

Nikavuta kanga yangu begani.

"Ile ya kwanza niligombana na watu, mama. Mteja wangu mmoja sijamwona tena. Nikasema mama yangu hakuelekezwa, mama yangu si mtu wa kuchekwa. Leo nimewaambia nini? Nimewaambia huyo simjui." Akaosha mikono. "Nimesema simjui. Unisamehe."

Hakuna mtu aliyenipiga vile tangu lile lori.

Nikamwambia basi ukweli: kwamba nilimuuliza fundi, mara mbili, ipi, akanicheka, kwamba mbele ya bosi nilijibebesha mwenyewe. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ile chupa sikuweza kuisoma. Akaniangalia kama mtu anayehesabu miaka ambayo nilikuwa namwambia soma wewe, miwani yangu mbovu. Miwani sina.

"Mwambie," akasema. "Si bosi. Bosi hana habari. Mwambie yeye fundi, usoni. Ukirudi hujamwambia, usinihadithie tena."

Ijumaa iliyofuata nilimkuta fundi kaanza kazi yeye mwenyewe, kakaa juu ya tofali, ya kwanza anaipaka yale ya bluu, mbili bado zimo ndooni. Kigoda changu kaniachia. Nilikaa. Nikasema bila salamu:

"Nilikuuliza mafuta gani. Ukanicheka."

Akaacha kuminya.

"Lakini mama, si ulimwambia bosi ni wewe?"

"Nilimwambia. Sasa nakwambia wewe. Nilikuuliza ipi. Ulikuwa na mdomo, ulikuwa na kidole, ungenyoosha. Ulitaka nichekwe?"

"Wallahi sikutaka."

"Basi ulitaka nini?"

Akaangalia mlango wa jikoni, hakuna mtu. Akaongea chini chini.

"Ile si Kiingereza, mama. Sijui ni lugha gani. Hata hizo nyingine sizisomi. Mie naijua kwa rangi tu. Ya bluu. Nilionyeshwa na fundi wangu, naye alionyeshwa. Ulivyouliza ipi, nikaona utanifuata mpaka shelfuni, utaniambia nisomee, na bosi alikuwa pale dirishani."

"Ungesema ya bluu."

Akaigeuza sponji mkononi.

"Neno moja, fundi. Ya bluu. Ningekuwa na uso wangu leo."

"Nazi niliisikia," akasema. "Nilivyofunga. Nikasema labda ni sabuni."

Nilitaka kumrushia beseni. Nilitaka pia kucheka, si cheko la kwenye simu, lingine. Sikufanya lolote. Nilivuta ndoo, nikachukua sponji moja, naye nyingine, tukaminya wote wawili mpaka maji yakawa meupe. Aliniuliza kama nitamwambia bosi. Nikamwambia bosi ana simu, aangalie humo.

Nyumbani binti yangu alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Hapa ningeweza kusema kweli. Lakini ningesema kweli angemwonea huruma, namjua mwanangu, angesema maskini, kumbe na yeye. Na mie simtaki aonewe huruma. Katika wote niliowataja, dereva, shemeji, yule wa kofia, fundi ndiye pekee niliyeweza kumkalia mbele nikamwambia umenikosea. Nikimpoteza huyo nabaki na nani?

"Alicheka," nikasema.

Binti yangu akamlaani, akanishika mkono tukaingia ndani, akanitengea chakula. Alikuwa upande wangu tena.

Na hakucheka. Alikuwa ameshika sponji, yale ya bluu yanamdondokea kwenye viatu vyake, wala haoni.